Mtu wa Karibu

"Jamaa wa karibu wasogee mbele," alisema mwenye kipaza sauti, na viti vya plastiki vikaanza kusukumwa nyuma kwenye nyasi. Tulikuwa Kibomet, mjini Kitale, katika ua ule ule nilioufagia kila asubuhi kwa mwaka mzima nikiwa msichana aliyetoka tu kumaliza kidato cha nne. Mke wa baba yangu mdogo, ambaye sote tulimwita Mama Vivian, alikuwa amelala ndani ya sanduku chini ya hema, na watu wake walikuwa wakiitwa wamuage kabla ya majirani na watu wa kanisa. Vichwa viwili vitatu vikanigeukia. Nilikuwa nimefika kutoka Bungoma na gari langu mwenyewe. Hema lile lilikuwa langu, na viti vile vilikuwa vyangu. Jina la nyumba yangu ya wageni limeandikwa kwa rangi nyekundu mgongoni mwa kila kimoja, kwa hiyo kila aliyeinuka kwenda kumlilia Mama Vivian aliacha jina langu likitazama mbinguni. Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Nekesa, si unaitwa?" Sikuinuka. Nilikaa katikati ya majirani na kulisikiliza neno lile likirudiwa mara ya pili, maana mwenye kipaza sauti aliona safu ya mbele haijajaa. Karibu. Jamaa wa karibu.

Nimelifikiria neno hilo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na nina haki ya kulisemea. Nina diploma ya usimamizi wa hoteli, niliyoilipia mwenyewe bila harambee ya mtu, na kwa miaka sita nilisimama mapokezi katika hoteli kubwa huko Ghuba nikipokea watu wa mataifa ambayo wenzangu wa Bungoma huyaona kwenye ramani tu. Kukaribisha watu ndiyo taaluma yangu. Ninajua mgeni asimame umbali gani na meza, ninajua chai ifike baada ya swali lipi, na wageni wanaolala kwangu, pale nyuma ya soko la Bungoma, hurudi. Lakini nyumba yangu haina neno hilo mlangoni. Fundi wa rangi aliponiuliza aandike nini juu ya mlango, akanipa mfano, "Si tuweke Kalibu Wote, madam?", nilimwambia aandike jina na saa za kufungua, basi. Alidhani nimekataa kwa sababu ya ile l yake. Watu wengi hudhani hivyo, kwa kuwa kwetu Bungoma r na l hubadilishana viti wakati wowote zinapotaka, na mtu aliyetembea dunia anatarajiwa kuona haya. Sioni haya. Nina sababu nyingine, na sababu hiyo ilianzia katika nyumba hii ya Kibomet, mwaka 2004.

Sitaeleza ukoo wetu. Wenye ukoo wanajuana. Inatosha kusema kwamba baba yangu na mdogo wake walikubaliana mbele yangu, tukiwa tumesimama uani kwetu karibu na Misikhu, kwamba nikae Kitale mwaka mmoja nimsaidie Mama Vivian kazi za nyumbani, na Septemba ikifika baba mdogo anipeleke chuo. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Sikuomba mshahara na sikutajiwa mshahara. Chuo ndicho kilichokuwa mshahara, na mimi nilikuwa mtoto anayetaka chuo jinsi watoto wengine wanavyotaka viatu.

Sebule ya Kibomet nitaikumbuka hadi siku nitakayokuwa mimi ndani ya sanduku. Makochi yalikuwa ya rangi ya kahawia, kila moja limevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, mgongoni na mikononi, kama wagonjwa waliofungwa bandeji. Televisheni nayo ilikuwa na kitambaa chake. Kabati la vioo lilikuwa na bilauri sita ambazo sikuona hata moja ikiguswa na mdomo wa mtu. Na juu ya kabati, ukutani, palitundikwa kitambaa kikubwa kilichotariziwa maua pembe nne na katikati herufi za uzi mwekundu: KARIBU. Kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kuvitoa vitambaa vyote, kuvifua, kuvitia wanga, kuvipiga pasi ya makaa na kuvirudisha. Ule uzi mwekundu ulikuwa unachuja. Ilibidi nikifue kile cha ukutani peke yake, kwa maji baridi, kwa vidole, nikizunguka kila herufi. Kwa hiyo ninaposema nimelishika neno karibu kwa mikono yangu sisemi kwa mafumbo.

Mimi nililala stoo, nyuma ya ukuta wa mbao uliotenga chumba hicho na sebule, pamoja na magunia ya mahindi. Nilikula jikoni, kibanda cha mabati kilichokuwa nje, kwenye kigoda, baada ya wao kumaliza. Sikuona ajabu, nilikuwa bado mgeni. Kisha, Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, wakaja wanawake watatu wa kanisani. Nilikuwa nimepika tangu asubuhi: kuku, ugali, chapati, mboga ya murere iliyolainishwa kwa maziwa jinsi mama alivyonifundisha. Nilipokuwa naweka bakuli la mwisho, Mama Vivian akainua uso na kuniambia kwa sauti ya asali, "Nekesa, karibu chakula, mwanangu."

Kwetu mtu akikuita mezani unakaa. Kukataa chakula cha mtu ni kumwambia kwamba unashuku mkono wake. Basi nikafuta mikono, nikavuta kiti, nikakaa, nikajimegea ugali na kuchukua paja. Mmoja wa wale wanawake alilitazama bakuli, kisha akamtazama Mama Vivian, na hapo ndipo nilipojua kwamba paja lile lilikuwa na mwenyewe. Nililila hata hivyo. Ukishauma huwezi kurudisha.

Wageni walipoondoka alinifuata jikoni. Vivian, binti yake, ambaye tulikuwa umri mmoja na tulifanya mtihani mwaka mmoja, alikuja naye akasimama mlangoni na chapati mkononi.

"Nani alikwambia ukae?" Mama Vivian aliuliza. Hakuwa amekasirika hata. Aliuliza kama mwalimu.

"Ni wewe, Mama. Umesema karibu."

"Nimesema. Si lazima niseme? Watu wako pale wananiangalia. Karibu husemwa, Nekesa. Haikaliwi."

"Sasa mtu anajibu nini?"

"Unasema, 'Asante, nimekula.' Maneno mawili. Unasema hata kama hujakula. Hasa kama hujakula."

Vivian alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Ati hasa kama hujakula. Mum, bana!" Mama yake alipoondoka akaingia jikoni, akaikata chapati yake katikati, akanipa nusu, akaanza kunifanyisha mazoezi. Yeye alikuwa Mama Vivian, amekaza shingo. "Nekesa, karibu chakula, mwanangu." Mimi nilijibu, "Asante, nimekula." "A-a, usilambe mdomo. Tena." "Asante, nimekula." "Sasa umeweza. Lakini useme karibu vizuri, wewe unasema kalibu kama watu wa shamba." Ulikuwa mchezo wetu mwaka mzima. Akinipita uani nikiosha vyombo, ananong'ona, "Karibu chakula," nami namjibu, na sote wawili tunashika mbavu. Naandika haya ili isisemwe kwamba hapakuwa na kicheko katika nyumba ile. Kilikuwapo, na nilikuwa nacheka njaa yangu mwenyewe.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Bi Zaituni, mjane aliyekaanga mahamri na kuyauza karibu na msikiti. Idi ya kuchinja iliangukia mapema mwaka ule, na asubuhi ile aliniita kwenye ua wake ambako mezani palikuwa na nyama imegawanywa mafungu. Alinipa beseni. "Peleka kwa Mama Vivian, mwambie ni haki ya jirani." Kisha akafunga kipande kingine kwenye jani la mgomba, akakiweka mikononi mwangu. "Hiki ni chako, mwanangu."

Nilimuuliza ni fungu gani, kwa kuwa alikuwa ametoka kunieleza kwamba kurubani, nyama ile ya Idi, hugawanywa mafungu matatu: la nyumba, la akraba na majirani, na la maskini. Nilitaka kujua mimi nimewekwa wapi. Alinitazama mikono, iliyokuwa imebabuka kwa sabuni, na nadhani alitaka kusema fungu fulani akabadilisha.

"Hilo nimetoa kwa la nyumba," alisema. "Wewe kula."

Nilifika nalo jikoni. Mama Vivian akaliona jani, akalifungua, akaimimina nyama yangu kwenye sufuria pamoja na ile ya beseni. "Kwani wewe si wa nyumba hii?" alisema. "Nyama yako ni nyama ya nyumba." Ndiyo mara ya pekee aliyoniita mtu wa nyumba ile. Jioni nililetewa mchuzi.

Matokeo yalitoka. Mimi nilipata B ya kawaida, katika shule ya kutwa isiyo na maabara, na sijawahi kuona aibu kuitaja. Vivian alipata D ya kujumlisha. Nilifikiri alama zimemaliza maneno. Nilimuuliza baba mdogo, mtu mpole aliyesimamia ghala la mahindi na kurudi nyumbani akiwa na vumbi la unga kwenye nyusi, kama ameanza kuulizia chuo. "Mambo yako yako karibu, Nekesa," alisema. Mwezi wa tano nikamuuliza tena. "Yako karibu kabisa." Mwezi wa saba alisema hivyo hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Nilijifunza hapo kwamba karibu ina maana ya tatu. Inasema njoo, inasema si mbali, na inasema bado.

Kuna siku mgeni aliniona nikipita na ndoo akauliza sebuleni, nikiwa bado nasikia, "Huyu ndiye mfanyakazi wako?"

"Hapana, bana," Mama Vivian alijibu. "Huyu ni mtu wa karibu tu."

"Unamlipa?"

"Sasa mtu wa karibu unamlipa nini?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu walioelewana. Nami nikaelewa. Ningekuwa mfanyakazi ningekuwa na siku ya kulipwa. Ningekuwa binti ningekuwa na kiti. Nilikuwa nimewekwa mahali padogo katikati, ambako mtu hadai.

Agosti ilinyesha. Alasiri moja nilikuwa stoo nikipepeta mahindi, na mvua ilipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba baba mdogo na mkewe, sebuleni, walilazimika kupaza sauti ili wasikizane. Walidhani mvua inawaficha. Mvua ndiyo iliyoniletea kila neno.

"Nafasi ni moja," alisema Mama Vivian. "Huyu Vivian wako akibaki nyumbani na ile D, watu watasema nini?"

"Na huyu mwingine? Nilimwahidi ndugu yangu, na mtoto akisikia."

"Nekesa ni mtu wa karibu. Mtu wa karibu huelewa. Mtu wa mbali ndiye huleta maneno."

Nilishika ungo nikangoja. Nilikuwa na hakika baba mdogo atasema kitu. Alikuwa amekula mezani kwa baba yangu, alikuwa ametoa neno uani kwetu akiwa amevua kofia. Mvua ilipiga, na yeye akasema, "Haya." Ndilo neno lake lote. Kila ninapokutana na mtu anayesifiwa kwa upole huwa naikumbuka haya ile.

Septemba Vivian aliondoka na sanduku jipya la chuma. Asubuhi ile nilimpigia pasi blauzi zake. Hakucheza mchezo wetu, alinikumbatia haraka akiwa ameangalia pembeni, akasema, "Wewe utakuja mwaka ujao, si ndio? Dad amesema." Nilimwambia ndiyo. Nilikaa hadi Desemba kwa sababu nilikuwa nimeahidi mwaka, na mimi nikiahidi hutimiza. Jumamosi ya mwisho nilifua vitambaa vyote, nikakirudisha kile cha ukutani kikiwa kimenyooka kuliko kilivyowahi kunyooka, nikafunga nguo zangu. Mama Vivian alinisindikiza hadi langoni. Alinipa mkono. "Karibu tena," alisema, na ninaapa hakuwa akinidhihaki. Ndivyo mtu anavyosema langoni.

Sikurudi Misikhu kukaa. Nilishuka Kimilili, nikaomba kazi katika hoteli ya chai, mahali ambapo niliitwa mfanyakazi na kulipwa kama mfanyakazi, na jina hilo lilinipendeza sana. Nilipika, nikaweka akiba, nikasoma cheti, kisha diploma, nikiwa namaliza zamu na kwenda darasani na harufu ya mafuta ya mandazi kwenye nywele. Wenzangu waliosomeshwa na wazazi waliacha njiani. Mimi nilimaliza wa pili. Diploma hiyo nimeitia kwenye fremu pale mapokezi kwangu, na mgeni akiisoma kwa sauti huwa simzuii.

Ghuba ndiko nilikolifahamu neno lenyewe. Mwenzangu wa mapokezi alikuwa Msudani, na siku moja aliniuliza kwa nini Waafrika wa Mashariki tunamwambia mgeni "karibu". Kwao, alisema, neno hilo ni la umbali na la damu tu: duka liko karibu, mtu huyu ni wa karibu. Mgeni wana maneno mengine ya kumpokelea. Nikamuuliza kuhusu akraba, yaani jamaa wa damu, akasema ndiyo, ni mzizi ule ule. Takriban, kwa maana ya kukisia? Mzizi ule ule. Nikakumbuka jani la mgomba, nikamuuliza na kurubani. Akaitikia kwa kichwa: ule ule, kwa sababu anayechinja anatafuta kumkaribia Mungu. Nilirudi kwenye meza yangu nikawapokea Wajerumani huku nikiwaza. Kumbe ni sisi tuliolitoa neno kwenye umbali na kulifanya mlango. Lubukusu, lugha yetu ya nyumbani, haikufanya hivyo. Tukisema ambi, tunasema kitu hakiko mbali, tunanyamaza; hakuna aliyewahi kukalishwa njaa na neno ambi. Ila Kiswahili kilitupa neno moja linaloita, linalopima, linaloahirisha, na lenye nduguye anayechinjwa, halafu tukalitarizi kwa uzi mwekundu. Nami siku hizi, mtu akicheka l ya Bungoma, humfungulia kamusi: kalibu ni chombo anachomiminia mhunzi madini yaliyoyeyuka ili yapate umbo. Katika nyumba ile ya Kibomet mimi niliyechekwa kwa matamshi ndimi niliyekuwa nikilisema neno sahihi.

Basi tulimzika kwenye makaburi ya kanisa, hatua chache kutoka pale. Baba mdogo alitangulia zamani, na sikuja mazishi yake. Udongo uliporudishwa watu walianza kutawanyika kuelekea uani kungoja chakula, na mimi nikaingia sebuleni peke yangu. Makochi ni mengine. Kitambaa bado kipo, au kilichobaki: uzi umechuja hadi rangi ya waridi, na herufi ya mwisho imefumuka. Vivian akanikuta hapo. Amekonda, ana mvi mbele, na chuo kile hakikumfikisha popote. Alikaa mihula miwili akaacha, akaolewa, ndoa ikavunjika. Nyumba ilikuwa ya kupanga tangu mwanzo na mwenye nyumba ameitaka. Haya nilikuwa nimeyasikia kwa majirani kabla ya yeye kufungua mdomo.

"Uliitwa mbele ukakaa," alisema.

"Niliona nafasi ni ndogo."

Alinyoosha kitambaa cha kochi ambacho hakikuhitaji kunyooshwa. Kisha, akiwa anaangalia mkono wake, akasema, "Nekesa, nikija kwako Bungoma? Kidogo tu, nijipange. Hata jikoni nitasaidia. Sisi ni watu wa karibu, bana."

Nina vyumba kumi na viwili. Vitano vilikuwa vitupu siku ile, na ninamhitaji mtu wa jikoni. Nilijua hayo yote nilipofungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa tamu, ya asali, shingo ikiwa imekazwa kidogo.

"Karibu," nilimwambia.

Vivian akainua macho. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesikia wimbo wa utotoni kutoka nyumba ya mbali na kujaribu kukumbuka ulikuwa wa nani. Nikaona alipokumbuka. Akafuta mikono yake kwenye leso, taratibu, hakulamba mdomo.

"Asante," alisema. "Nimekula."

Nje walikuwa bado wanasonga ugali wa matanga.